Anayeshona nguo Birere anakosolewa kila siku, anayeshona tumbo la mama je?

GOMA, Kivu ya Kaskazini. Mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, karibu katika kila hospitali ya mashariki ya Kongo, kuna benchi la mbao. Hapo ndipo jamaa zinangoja. Baba aliyeacha shamba lake Masisi, dada aliyekimbia Rutshuru na watoto wa ndugu yake mgongoni, shangazi anayeshika thermosi ya chai na fishi ya mgonjwa. Muuguzi akitoka, swali la kwanza ni lile moja: ameamka? Swali la pili huulizwa kwa sauti ndogo, maana watu wanaogopa kuonekana wasumbufu: ni munganga gani aliyemupasua?

Mara nyingi jibu ni kijana. Ni stajeri wa mwaka wa mwisho wa udaktari, ao asistenti anayesomea upasuaji. Kijana huyo hajalala tangu jana, labda hajala tangu asubuhi, na hakuna anayemlipa mshahara wa maana kwa kazi hiyo.

Kwamba ni kijana, hilo si kosa. Kila mpasuaji mzee anayeheshimiwa leo alikuwa kijana, na kuna tumbo la mtu ambalo lilikuwa la kwanza kwake. Kosa liko pahali pengine, na jamaa za benchini haziambiwi. Kijana akimaliza kushona, akivua glavu na kunawa mikono, hakuna mtu anayemwambia namna mkono wake ulivyofanya kazi. Hakuna anayemwambia alichofanya vizuri, wala alichofanya vibaya, wala kitu cha kubadilisha kesho. Anaondoka na yale aliyokuja nayo, na kesho anashika kisu tena.

Wakaaji wengi watashangaa kusikia hivyo. Wanadhani kwamba hospitali inayofundisha inafundisha. Basi inafaa kueleza namna mambo yanavyokwenda kweli.

Stajeri anaanza kwa kushika. Kazi yake ni kuvuta kingo za kidonda kwa chombo cha chuma ili mkubwa aone vizuri, na anaweza kuvuta hivyo miezi mizima. Halafu anaruhusiwa kushona ngozi. Halafu usiku mmoja majeruhi wanafika watatu kwa mara moja, mkubwa yuko kwenye meza ya kwanza, na sauti inasema: wewe, ingia meza ya pili. Hapo kijana anapasua. Asubuhi kuna mkutano ambao madaktari wanauita stafu. Wanasoma majina ya wagonjwa: huyu yuko vizuri, huyu ana homa, huyu alifariki saa tisa ya usiku. Watu wanaandika, wanatoka. Katika stafu yote hiyo habari za mgonjwa zimesemwa, na ni lazima zisemwe. Habari za mkono wa kijana hazikusemwa na mtu.

Neno likija, linakuja kwa njia mbili tu. Njia ya kwanza ni makelele: mkubwa anapiga kelele katikati ya operesheni, mbele ya wauguzi wote, «Unafanya nini hapo!», na kijana anajua amekosa lakini hajui amekosa nini. Njia ya pili ni utamu: «Umefanya vizuri, docta.» Kijana anafurahi, anarudi nyumbani na furaha yake, na hajajifunza kitu. Kusema «vizuri» bila kusema nini kilikuwa vizuri ni kama kumwambia mtu aliyepotea njia ya Sake kwamba anatembea na nguvu nyingi.

Mwishoni mwa mazoezi kuna daftari. Ndani yake kijana ameandika hesabu: sezarieni kadhaa, ngiri kadhaa, majipu, vidonda. Mkubwa anapiga muhuri ukurasa kwa ukurasa, wakati mwingine siku moja kwa miezi yote, akiwa anazungumza kwenye simu. Daftari hilo linasema kijana alisimama mezani mara ngapi. Kama alisimama mara arobaini akirudia kosa lilelile mara arobaini, daftari litaonyesha arobaini, na arobaini ni alama nzuri.

Sasa, mtu aende Birere, kwa mafundi wa cherehani. Kuna mwanafunzi pale, labda binti wa miaka kumi na saba ambaye jamaa yake ilikimbia Kibumba. Anashona ukosi wa shati. Fundi wake anachukua shati, analigeuza ndani nje, anaweka kidole pale uzi ulipokunjana, anasema: hapa ulivuta sana, fungua, rudia. Kesho tena hivyohivyo, na kesho kutwa. Fundi hana cheti cha kufundisha. Hafanyi hivyo kwa huruma. Anajua shati mbovu litarudishwa na mteja atapiga kelele. Seremala wa chukudu anafanya hivyo na mwanafunzi wake, na fundi wa pikipiki vilevile. Mji mzima wa Goma unajua kazi ya mkono inafundishwa kwa kuiangalia na kuisema papo hapo. Ni ndani ya chumba cha upasuaji tu, pahali shati ni mwili wa mtu, ambapo ujuzi huo umesahauliwa.

Tofauti iko moja: mteja wa shati anarudi kulalamika. Mama mhami aliyeshonwa vibaya harudi. Wakati kambi za pembeni ya Goma, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zilipovunjwa ao kuachwa wazi mwanzoni mwa mwaka 2025, watu walitawanyika kila upande. Wengine walirudi vijijini, wengine waliingia katika nyumba za jamaa, wengine hawajulikani wako wapi. Kidonda kikifunguka huko Masisi siku ya nane, ni nani atarudisha habari kwa kijana aliyekishona? Hata zamani, bila vita, mpasuaji alikuwa na njia moja ya kujua kazi yake: kumwona mgonjwa tena. Vita imekata njia hiyo. Kwa hiyo neno la mkubwa, palepale mezani, limekuwa karibu neno pekee ambalo kijana anaweza kupata, na ndilo ambalo hapewi.

Mfano wa kwanza ni kidonda cha risasi. Kila stajeri wa Goma na Bukavu amekiona. Risasi ao kipande cha bomu kinaingia na uchafu, udongo, nyuzi za nguo. Nyama ya ndani inakufa kwa upana kuliko tundu linaloonekana nje. Kanuni ya upasuaji wa vita, ambayo Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, umeifundisha kwa miaka mingi, ni kukata nyama yote iliyokufa, kuosha vizuri, na kuacha kidonda wazi chini ya bandeji. Kinafungwa baada ya siku kama nne ao tano, kikiwa safi. Nyama iliyokufa inajulikana: haitoi damu ikikatwa, haishtuki ikibanwa na pensi, rangi yake imegeuka. Kijana ambaye alizoea kushona anaona kidonda wazi kama kazi isiyokwisha. Anakata kidogo, kwa woga, kisha anashona siku hiyohiyo, mstari mzuri wa nyuzi, kila mtu anaupenda. Siku ya tatu mguu unanuka. Kama mkubwa alisimama hapo na kusema «angalia, nyama hii bado ni nyeusi, ukate mpaka uone damu, halafu usishone», maneno kumi na machache, mguu ungebaki.

Mfano wa pili unagusa akina mama zaidi. Katika sezarieni, kibofu cha mkojo kimelala mbele ya sehemu ya chini ya kizazi. Mpasuaji anapashwa kukitenganisha na kukisukuma chini kabla ya kukata, zaidi sana kwa mama aliyepasuliwa zamani, maana kovu linavishikamanisha. Kijana mwenye haraka, mtoto akiwa anachoka tumboni, anaweza kukisukuma kidogo tu. Anaweza kukikata, ao kukishona pamoja na kizazi bila kujua. Mtoto analia, watu wanashangilia, ni ushindi. Baada ya siku chache mama anaanza kuvuja mkojo. Hiyo ni fistula, na Kivu inajua fistula ni nini. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, ilijulikana duniani kwa kuwatengeneza wanawake wa namna hiyo. Wakaaji wengi wanadhani fistula inatoka kwa ubakaji ao kwa uchungu wa kuzaa uliokawia siku mbili tatu. Ni kweli, inatoka huko. Lakini inatoka pia mikononi mwa madaktari. Wapasuaji wa fistula waliohesabu wagonjwa wao katika inchi 11, kati ya mwaka 1994 na 2012, walikuta kwamba zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kumi alipata tundu lake kwa sababu ya operesheni, na wengi wa hao walikuwa wamepasuliwa kwa ajili ya uzazi.

Hakuna kijana anayetaka kumfanyia mama hivyo. Anafanya kwa sababu mara ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, ya ishirini, alisukuma kibofu kidogo na Mungu akasaidia, na hakuna mkubwa aliyemwambia kwamba ni bahati tu.

Wako watakaosema kwamba ujuzi wa mkono haupimiki, kwamba mpasuaji mzuri anazaliwa. Hayo yalikuwa maneno ya wazee, na yamekwisha kujibiwa. Huko Toronto, Kanada, katika miaka ya 1990, wapasuaji walitengeneza njia ya kumwangalia mwanafunzi anapofanya kazi na kumpa alama kutoka 1 mpaka 5 juu ya mambo saba yanayoonekana kwa macho. Je, anashika nyama kwa upole ao anaiponda? Mkono unakwenda moja kwa moja ao unazungukazunguka? Vyombo anavishika namna gani, na anajua kuviita kwa jina lake? Operesheni inasonga mbele ao anasimama kila mara kuuliza sasa nini? Anamtumia msaidizi wake vizuri? Anajua hatua za operesheni yenyewe? Yote hayo, muuguzi yeyote aliyesimama bloku miaka kumi anayaona bila miwani.

Na mkono unahesabika kwa mgonjwa. Katika jimbo la Michigan, Marekani, wapasuaji 20 wa operesheni ya kupunguza unene walikubali kutoa video zao. Wenzao waliziangalia bila kujua ni za nani, wakatoa alama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: kwa wale wenye alama za chini kabisa, wagonjwa 14.5 kwa mia walipata matatizo baada ya operesheni. Kwa wale wa juu, 5.2 kwa mia. Hao hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wapasuaji kamili, wenye vyeti ukutani, katika inchi yenye umeme saa zote. Kama tofauti ya mkono inaleta hayo huko, mtu afikiri huku, pahali operesheni inafanywa kwa taa ya simu wakati jenereta imekosa mafuta.

Sasa sababu zinazotolewa. Ziko nyingi, na baadhi zina uzito.

«Hakuna wakati, tuko katika vita.» Hii ndiyo inayosemwa zaidi. Inafaa kuiheshimu, maana wanaoisema wamefanya kazi usiku na mchana. Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia Goma, hospitali zilijaa mpaka majeruhi wakalazwa chini, na siku hizo hakuna mtu mwenye akili angemwomba mpasuaji akae kuandika fomu. Lakini siku za namna hiyo hazikuwa mwaka mzima. Kuna siku ya ngiri mbili na jipu moja. Kuna zile dakika ambapo muuguzi anafunga bandeji na mgonjwa anaanza kufungua macho, na madaktari wawili wamesimama hapo wakingoja, wakiangalia simu. Dakika tano zinatosha. Huko Marekani kuna programu ya simu ambamo mkubwa anajibu maswali matatu tu juu ya operesheni iliyokwisha: kijana alifanya kwa uhuru kiasi gani, alifanya vizuri kiasi gani, na kazi yenyewe ilikuwa ngumu kiasi gani. Akitaka anaongeza neno kwa sauti. Zikipita saa 72 hawezi kujibu tena, maana baada ya siku tatu kumbukumbu imegeuka hadithi. Hapa hata programu haihitajiki. Wanahitajika watu wawili na midomo.

Tena, katika vita ndipo kosa linazidi bei. Mkubwa anayesema hana dakika tano za kumrekebisha kijana atapata saa mbili za kurudi bloku kufungua tumbo ambalo kijana alilifunga vibaya. Wakubwa wanajua hesabu hiyo. Wanailipa kila wiki.

«Sisi tulijifunza hivyohivyo, kwa macho.» Ndiyo, na kati ya darasa lao walijifunza wangapi? Wale walioshindwa hawasimami kutoa ushuhuda. Kuna semi ya zamani ya wapasuaji: ona moja, fanya moja, fundisha moja. Inachekesha, na wagonjwa wa ile «fanya moja» hawakuwahi kuulizwa.

«Ni aibu kumkosoa daktari mbele ya watu.» Hapa kuna ukweli, na wale wanaopigania jambo hili wanapashwa kuukubali. Katika desturi za hapa mkubwa hakosolewi hovyo, na mdogo anayeaibishwa mbele ya wauguzi hasikii tena kitu, masikio yanafunga. Lakini kinachofanyika sasa ndicho kinachoaibisha: makelele mbele ya watu wote, kisha kimya. Kukosoa kazi ya mkono kunaweza kufanywa pembeni, kwenye beseni la kunawia, kwa sauti ya chini: kibofu ulikisukuma kidogo, mara ijayo shuka mpaka uone sehemu laini, fundo zako zilikuwa imara, pensi uliishika kama kijiko. Hapo kijana hajatukanwa, na jina la baba yake halikutajwa. Na mkubwa naye akubali kuulizwa, ingawa hiyo, kusema kweli, itachukua miaka.

Sababu nyingine haisemwi kwa sauti: ikiandikwa kwamba kijana alikosea, jamaa zitaleta mashitaka, ao chefu ataulizwa alikuwa wapi. Swali hilo la chefu ni zuri. Acha aulizwe.

Halafu kuna sauti inayotoka upande mwingine, kwa wahami wenyewe. Inasikika kwenye mabomba ya maji, katika makanisa, katika redio za mtaa watu wakipiga simu: wanafanyia mazoezi juu ya miili yetu sababu sisi hatuna mutu, watoto wa wakubwa wanapelekwa Kigali, Kampala, Nairobi. Uchungu huo ni wa haki. Mwenye feza anachagua mkono wa kumpasua, na mhami anachukua mkono uliopo. Lakini wale wanaotaka stajeri afukuzwe bloku wanakosea njia. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilisema kwamba watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wanaoweza kuulipia, na kwamba inchi inahitaji walau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Kongo iko mbali sana na hapo. Kijana asiposhika kisu leo akiwa na mkubwa pembeni, atakishika kesho akiwa peke yake.

Hii si hofu ya bure. Inchi imegawanywa katika zoni za afya 519, na hospitali kuu nyingi za zoni hizo hazina mpasuaji mtaalamu. Sezarieni za Walikale, Kalehe, Fizi, Lubero zinafanywa na daktari wa kawaida, mara nyingi yule aliyemaliza masomo mwaka jana. Mazoezi ya Goma na Bukavu ndiyo shule yake ya mwisho ya mkono. Akitoka hapo, hakuna tena wa kumwambia. Mama wa Walikale mwenye uchungu usiku, barabara imekatika, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, atapata mkono ule uliotengenezwa ao kuachwa hapa mjini. Kwa hiyo jamaa iliyoketi kwenye benchi isidai kijana aondolewe. Idai jina la mkubwa aliyesimama naye.

Kuna jambo jingine lililodharauliwa mwanzoni. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kuuliza kwa sauti kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani: jina la mgonjwa, upande wa mwili, dawa ya kuzuia usaha, hesabu ya vitambaa na sindano. Wapasuaji wakubwa walicheka. Karatasi! Ilijaribiwa katika hospitali nane, moja yao Ifakara, Tanzania, na vifo vikashuka kutoka 1.5 mpaka 0.8 kwa mia. Orodha hiyo haifundishi mkono wa stajeri, ni kazi tofauti. Lakini ilionyesha kwamba dakika chache za kusema kwa sauti ndani ya bloku zinaweza kuokoa maisha, na kwamba anayesema hakuna wakati alisema vivyo hivyo mara ya kwanza.

Na majirani wasiwe mbali machoni. Burundi na Rwanda ziko katika chuo cha wapasuaji cha Afrika ya mashariki, kati na kusini, COSECSA, chenye makao Arusha, ambapo mwanafunzi lazima aandike kila operesheni na aonyeshe alikuwa msaidizi, ao alipasua akisimamiwa, ao alipasua mwenyewe. Ni mwanzo tu, hesabu bado si ubora. Lakini kutofautisha kushika na kupasua tayari ni hatua ambayo madaftari mengi ya hapa hayana.

Wa kuulizwa wako. Vyuo vikuu vinavyopokea feza za masomo kila mwaka na kutuma wanafunzi kwa mafungu, kumi na tano kwenye meza moja, vinajua kwamba kumi na wanne wanaangalia mgongo wa mwenzao. Vinapashwa kutuma wachache kwa zamu, na kukataa daftari lenye mihuri bila maneno. Wakurugenzi wa hospitali wanaweza kuamua kesho asubuhi, bila ruhusa ya Kinshasa wala ya mtu mwingine anayetawala, kwamba stafu iongezwe dakika kumi kwa siku moja ya juma, ambapo operesheni moja inasimuliwa hatua kwa hatua na kijana aliyeifanya, bila kumcheka.

Mashirika ya kigeni nayo yasikwepe. Wapasuaji wao wanafika kwa majuma machache, wana ujuzi mkubwa, na wana haraka. Wanapasua wenyewe kwa sababu ni upesi, na hesabu ya waliopasuliwa inaingia ripoti ya wafadhili. Wakiondoka, vijana wanabaki wakisimulia namna mzungu alivyokuwa na mkono mwepesi. Wafadhili wakitaka kujua shirika limeacha nini, waulize karatasi: kila stajeri aliyesimama na mgeni huyo aliandikiwa nini?

Kisha wauguzi wa bloku. Mama aliyepitisha pensi miaka ishirini anajua mkono mzuri kuliko profesa. Anajua kijana huyu anaomba uzi mrefu mno, huyu anatupa sindano pahali popote, huyu anatetemeka mpaka damu ya kwanza itoke halafu anatulia. Anayasema jioni, akiwa anakunja nguo za kijani, akimwambia mwenzake. Hakuna aliyemwuliza kamwe. Kumpa haki ya maneno mawili kwenye beseni, kwa heshima, hakugharimu franga moja, na hasira ya madaktari wengine itapita.

Vijana wenyewe wako tayari kuliko wazee wanavyofikiri. Wengi wao wana jamaa waliokimbia pia; kuna stajeri ambaye anatoka bloku saa kumi na mbili asubuhi kwenda kutafuta maji kwa ajili ya mama yake katika nyumba ya kupanga yenye watu kumi na moja. Anachoogopa ni kuuliza. Akimwuliza chefu «nilifanya namna gani?», chefu anaweza kuona kiburi. Basi anayepashwa kuanza ni mkubwa. Maswali yenyewe ni mepesi: sehemu gani ulifanya wewe mwenyewe? Nini kilikwenda vizuri? Kitu gani kimoja utakibadilisha mara ijayo? Kijana ajibu kwanza, mkubwa asahihishe, waandike mistari miwili, watie saini wote wawili.

Madaftari ya kurasa mia yanauzwa kwenye vibanda vya Virunga na Kadutu. Mwezi huu, kama kila mwezi, kuna kijana anayefunga begi lake kwenda hospitali ya zoni fulani ya ndani, daftari lake limejaa mihuri, na huko tayari kuna mama amehesabu siku zake.